Mito ya Kichwa Kilichonyolewa

Jumamosi, tarehe 4 Novemba 2023, tulimzika Akinyi kwao upande wa Homa Bay, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona ziwa kwa mbali, jeupe kama bati jipya. Alikuwa rafiki yangu. Sijui niongeze nini kwa hilo. Watu walisema mengi kwenye kipaza sauti, kwamba alikuwa nguzo, kwamba alikuwa mama wa wengi, nami niliketi nyuma chini ya turubai nikiangalia mikono yangu, kwa sababu mimi nilimjua kwa mikono. Mwaka wa 1996 tuliishi chumba kimoja mjini Migori, na mwaka huo wote kichwa chake kilikuwa kazi yangu. Nilikijua kuliko nilivyojua changu: kinundu kidogo cha nyuma, mahali palipobonyea juu ya sikio la kushoto, ngozi ya hapo ilivyokuwa laini na ya kuumia upesi. Baada ya mazishi binti yake Atieno alinishika mkono akasema, "Anti Robi, usiende bado. Ngoja tunyolewe kwanza." Nikangoja. Haya niliyakumbuka katika siku hizo za kungoja, nikiwa jikoni kwao nikichambua mboga pamoja na wanawake ambao lugha yao naisikia nusu nusu.

Chumba chetu kilikuwa cha mabati, nyuma ya posho mill, kinu cha kusagia mahindi, na kila kitu ndani kilikuwa na unga juu yake kufikia saa sita. Kitanda kimoja, meza moja, jiko la makaa ambalo mvua ikinyesha tuliliingiza ndani. Nje kwenye baraza ndogo ilikaa cherehani yangu. Nilikuwa nimetoka kwetu Kehancha na darasa la saba langu, na nilishona viti vya boda boda, yale matakia ya nyuma ya baiskeli ambayo abiria hukalia, ya plastiki nyekundu au ya buluu, yenye mashada ya nyuzi pembeni. Akinyi alikuwa mhudumu wa afya katika kituo cha misheni. Kazi yake ilikuwa kuwafuata wagonjwa nyumbani. Yeye Mjaluo na mimi Mkuria, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, Kiswahili cha sokoni, lakini kilitutosha kugombana na kupatana. Mwaka ule wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda. Ulikuwa ukimwi, ila neno hilo halikutamkwa. Watu walisema fulani ana baridi, fulani amerogwa, fulani amevunja mwiko. Mgonjwa aliwekwa kwenye kibanda chake, sahani yake ikawekwa kando, na mara nyingi mtu wa kwanza kumgusa baada ya wiki nyingi alikuwa Akinyi.

Baiskeli aliipata mwezi wa kwanza. Haikuwa ile nyeusi nzito tuliyoizoea. Ilikuwa ya milimani, yenye magurudumu manono na gia, iliyoachwa na daktari mgeni aliporudi kwao. Pamoja nayo aliacha helmeti. Kabla ya Akinyi palikuwa na mhudumu mwingine, kijana mzuri nasikia, ambaye alianguka na baiskeli kwenye mawe akapiga kichwa, na hakuamka. Kwa hiyo Sista aliyesimamia kituo alikuwa na sheria moja. Kila Jumatatu asubuhi, kabla Akinyi hajatoka na dawa, Sista aliishika ile helmeti kwa mikono miwili akamtikisa kichwa mbele na nyuma, kulia na kushoto, kama anayepima kama nazi ina maji. Helmeti ikitembea juu ya kichwa, imeshindwa. Ngozi ya paji la uso ikienda pamoja nayo, imekaa. "Akinyi," alimwambia siku ya kwanza, "siku hii kitu itacheza kichwani, baiskeli inarudi stoo. Sitazika mwingine." Na bila baiskeli, wale wa mbali, wa kule ambako gari halifiki, wangengoja mtu ambaye haji.

Nikiwa mkweli, mwanzoni ile helmeti ilikuwa mateso. Ilitengenezewa kichwa kirefu chenye nywele laini, na Akinyi alikuwa na kichwa cha mviringo chenye nywele zilizosukwa matuta. Ilikaa juu ya matuta kama sufuria juu ya mafiga. Jioni aliingia chumbani, akaivua, na kwenye paji la uso palikuwa na mstari mwekundu kama wa kamba. "Robi, kichwa inataka kupasuka," alisema, akalala kifudifudi bila kula. Siku ya tatu nikaichukua. Nilikuwa sijawahi kuishika. Nje ilikuwa ngumu na yenye kung'aa, ndani povu jeupe jepesi ajabu, mtu angedhani ni ya mchezo, na juu ya povu palibandikwa vipande vya sponji kwa vile vitambaa viwili vinavyokwaruzana vikashikana. Vile vipande vya sponji tukaviita mito. Nikaibandua yote nikaipanga mezani kati ya chumvi na kikombe cha majani ya chai. Nilishangaa. Mtu ambaye hatanijua kamwe aliketi mahali akafikiri: hapa fuvu ni jembamba, hapa jasho lipite, hapa mtu asiumie. Mimi nilikuwa nikifikiria makalio ya abiria miaka miwili, na sikuwahi kufikiria namna hiyo.

Vichwa vyetu vililingana karibu sawa, kwa hiyo nilijifunza kwa kuivaa. Niliivaa nikishona, niliivaa nikifua, niliivaa nikisonga ugali, kwa sababu ukiinama ndipo unajua inapofinya. Mama Otieno, jirani yetu aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, alipita mlangoni na beseni lake akasimama.

"Robi, ugali inakupiga siku hizi?"

"Ndiyo, mama. Jana ilinirukia."

"Basi niazime, mzee wangu amerudi amelewa."

Alicheka mpaka akaketi kwenye kizingiti. Lakini kwa kuvaa hivyo nilielewa mambo. Nilielewa kwamba helmeti haikai nyuma kama kofia ya kanisani. Inashuka mbele mpaka karibu na nyusi. Kwamba mkanda wa kidevuni ukaze mpaka vidole viwili tu vipite, si ngumi. Kwamba maumivu ya paji la uso mara nyingi chanzo chake ni nyuma, mto mmoja ukiwa mnene unasukuma kichwa chote mbele. Nilishona mito myembamba ya pembeni, nikamwambia Akinyi abadilishe matuta yaelekee nyuma yote, yalale chini, yasisimame. Jumatatu iliyofuata Sista alitikisa, na ngozi ya paji la uso ikaenda nayo. Kuanzia hapo kila jioni nilimuuliza, "Inafinya wapi?" naye alinionyesha kwa kidole, hapa, na hapa kidogo, na nikarekebisha kabla ya chakula.

Siku moja nilienda kumwona akifanya kazi. Mteja wangu mmoja wa boda boda alinibeba mpaka Osiri, kule wanakochimba dhahabu kwa mikono, tukimfuata Akinyi kwa nyuma. Barabara ilikuwa mawe matupu. Nilimwona mbele yangu akisimama juu ya pedali, kichwa kile chenye helmeti nyeupe kikipanda na kushuka, watoto wakikimbia pembeni, wanawake wakiweka ndoo chini ili watazame vizuri, kwa maana mwanamke juu ya baiskeli peke yake alitosha kuwa habari. Wachimbaji walikuwa wameketi kando ya shimo, wamepakwa udongo mpaka kope.

"Dada, umekuja kushuka shimo? Hiyo kofia ndio tunataka sisi!"

"Omera, ndugu yangu, muulize kama iko na pacha yake!"

Akinyi alitegemeza baiskeli, akauliza kibanda cha mgonjwa wao kiko wapi. Vicheko vikapungua. Mmoja alionyesha kwa kidevu, bila kuinua mkono. Kijana mwenzao alikuwa humo. Akinyi akavua helmeti, akaigeuza juu chini, akapanga ndani yake dawa, sabuni na kitambaa, akainama akaingia nayo kama mtu anayeingia na kapu la mayai. Mimi nilibaki nje na wale wanaume. Tulisikia maji yakimiminwa. Tulisikia yule kijana akilia kidogo, halafu tukasikia Akinyi akimwambia jambo kwa Kijaluo na yeye akacheka, kicheko chembamba, lakini kicheko. Wale wanaume waliangalia miguu yao. Alipotoka mmoja alijitia ujasiri: "Dada, hiyo kofia inazuia hata ugonjwa?"

"Inazuia mawe tu," Akinyi alisema, akifunga mkanda. "Rafiki yenu anataka uji, na anataka mtu wa kukaa naye. Hiyo haitaki kofia."

Sijawahi kuona kanisani kitu kilichoninyamazisha vile. Nilikuwa nimezoea kuiona helmeti ile kama shida ya sponji. Nikiwa nyuma ya mteja wangu njia nzima ya kurudi, nilifikiria kwamba mto niliokata kwa mkasi wangu uko pale kati ya mawe ya Osiri na kile kichwa.

Mwezi wa tatu alifiwa na kaka yake. Alikwenda Homa Bay akakaa karibu wiki mbili, na aliporudi alikuwa amenyolewa. Kwao msiba haumaliziki kaburini. Siku chache baada ya mazishi ndugu wa marehemu huketi, nywele zikaondolewa kwa wembe, na hapo ndipo kila mtu anaruhusiwa kuendelea na maisha. Hata kwetu Wakuria watu hunyoa, lakini sikuwa nimeunganisha jambo hilo na kazi yangu mpaka alipoivaa helmeti asubuhi ile ya Jumatatu na ikamshukia mpaka puani. Ilikuwa kichekesho na hatukucheka. Nilichukua sponji ya kiti cha mteja, nikakata haraka haraka, nikaibandika humo kwa gundi ya viatu, na Sista akatikisa mara mbili, akatilia shaka, akamruhusu. Lakini kichwa kilichonyolewa si sawa na kichwa chenye nywele. Wembe huacha mikwaruzo, jasho likiingia linauma, na rangi ya plastiki nyekundu niliyofunikia sponji ilimchuruzika masikioni kama damu. Sponji nayo ilinywa jasho ikanuka. Mwishowe nilijua cha kufanya: tabaka za blanketi la kijivu, zikafunikwa na flaneli ya nepi ya mtoto, iliyofuliwa mara nyingi. Hiyo ikawa mito minene. Nywele zilivyoota niliondoa tabaka moja, kisha nyingine, mpaka tukarudi kwenye mito myembamba. Kisha akafa baba yake mdogo, na wembe ukapita tena.

Nadhani ndivyo mwaka ule ulivyokwenda kwa watu wengi wa huko. Sokoni ungeona wanawake wenye vichwa vipya kila wiki, waking'aa juani, wakipanga nyanya. Mimi tu ndiye niliyekuwa nikiupima kwa unene wa blanketi.

Mito minene ile ya kwanza ililiwa na panya mwezi wa nane. Wakati huo nywele za Akinyi zilikuwa zimejaa, alikuwa amesuka tena, na kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Alasiri moja wateja walikosa, nikachukua vipande vya blanketi na flaneli nikashona mito minene mingine, nikaitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia juu ya rafu. Niliona ni akili. Niliona ni kama kuweka mshumaa kabla ya giza. Jioni Akinyi alifungua kopo akitafuta kibiriti.

"Hizi ni za nini?"

"Za helmeti."

Aliigeuza mkononi. "Hizi ni nene. Mimi niko na nywele."

"Ni za kuweka tu."

"Kuweka." Akaketi kitandani polepole. Mama yake alikuwa akiumwa kule nyumbani tangu mwezi wa sita, nami nilijua. "Robi, nani amekufa?"

"Hakuna mtu."

"Basi unangoja nani?"

Kwao, na hata kwetu, mtu hachimbi kaburi mgonjwa akiwa bado anakula, na hakati sanda. Nilikuwa nimeshona kitu kisicho na matumizi mengine duniani ila mtu wa Akinyi awe amekufa. Aliinuka, akaenda kwenye jiko lililokuwa ndani, akaitupa yote juu ya makaa. Blanketi haliwaki, linafuka. Moshi ukajaa chumba, tukatoka nje wote wawili tukikohoa, tukasimama kwenye baraza kila mmoja upande wake wa cherehani. Mama Otieno akaita kutoka kwake, "Nyinyi wasichana, mnachoma nini?" Kuanzia siku ile sikuuliza tena inafinya wapi, naye hakuonyesha. Tulikula nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kila mtu akiangalia sahani yake.

Mama yake alikufa mwezi wa kumi. Akinyi alirudi siku ya Jumapili, mchana, mvua ikinyesha. Nilikuwa ndani. Alivua kitambaa, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa mpaka kikawa kidogo, kichwa cha mtoto. Nilimpa chai. Aliinywa akiwa amesimama. Helmeti ilikuwa kwenye msumari wake na mito myembamba ndani, na kesho yake ilikuwa Jumatatu, na wote wawili tulijua, na mimi sikuthubutu kuigusa. Nilifikiri: nikiinua mkono tu, atasema nilikuwa nangoja. Nilifikiri pia juu ya yule kijana wa Osiri, ambaye bado alikuwa hai, na wengine ambao majina yao nilikuwa nayasikia kila jioni. Mvua ilipiga mabati kwa muda mrefu. Kisha Akinyi akaichukua helmeti kwenye msumari, akaketi sakafuni mbele yangu, mgongo wake ukiegemea magoti yangu, akainua mkono akaiweka kwenye mapaja yangu bila kugeuka.

"Shona," alisema.

Hapakuwa na blanketi isipokuwa lile letu la kulalia. Nilikata ukingo wake wote. Nilipima kwa viganja juu ya kichwa chake chenye joto, kinundu cha nyuma, mahali palipobonyea juu ya sikio, na alinyamaza kama mtoto anayesukwa. Nilipomaliza mito ya kesho akasema, "Shona na zingine."

"Za nini?"

"Za kuweka." Akaongeza, "Mama hakuuawa na cherehani yako, Robi. Najua. Shona tu."

Nikashona. Machozi yaliniangukia kwenye flaneli, sikuyafuta, na nilifunga uzi kwa haraka kwa sababu mwanga ulikuwa unaisha.

Asubuhi nilimsindikiza mpaka kituoni nikabaki kwenye ua. Sista alitoka, akakiona kile kichwa chini ya helmeti, akauliza kwa sauti ya chini, "Ni mama?" "Ndiyo, Sista." Nilidhani siku hiyo atamwacha. Akamshika kwa mikono miwili akatikisa, mbele na nyuma, kulia na kushoto, na kutoka pale kwenye ua niliona ngozi ya paji la uso ikienda na kurudi. "Nenda," Sista akasema, akageuka upesi akaingia ndani. Jioni nilimuuliza kwa mara ya kwanza tangu ule moshi, "Inafinya wapi?" Akinyi akafikiri kidogo. "Iko sawa," alisema. Na kila jioni iliyofuata, mpaka nilipoolewa mwaka uliofuata nikahama, nilipouliza alijibu hivyo hivyo. Iko sawa. Niliamini kwamba mkono wangu umefika.

Wiki iliyopita, siku ya kunyolewa, niliketi pembeni na kikombe changu. Shangazi mzee ndiye aliyeshika wembe, karai la maji miguuni pake. Alipomaliza na Atieno alininyooshea kidole. Mtu mmoja akasema huyo si wa ukoo. Shangazi akajibu kwa Kiswahili ili nisikie: "Huyu nyar Kuria, huyu msichana wa Wakuria, ndiye alikuwa anashonea Akinyi kichwa. Kuja, keti hapa." Nikaketi. Nywele zangu za mvi zikaanguka kwenye kanga.

Atieno akaingia ndani akatoka na helmeti. Povu lake lilikuwa limegeuka rangi ya chai, na ndani bado ilikuwa na mito minene, ya kijivu na flaneli. Akaniuliza kama ni kweli mamake alipanda milima na kitu hiki. Nikaivaa kumwonyesha, nikafunga mkanda, nikamwambia ashike kwa mikono miwili atikise kama Sista. Akatikisa. Ngozi ya paji la uso ikaenda nayo, na wanawake wakapiga makofi. Mito ile nilikuwa nimeishona kwa kupapasa tu kichwa cha mwenzangu. Sikuwahi kuivaa mimi nikiwa nimenyolewa. Ndipo nilipolisikia, juu ya sikio la kushoto, kwenye ngozi laini. Fundo la uzi wangu. Nilikuwa nimelifunga upande wa ndani siku ile ya mvua, gumu kama punje ya mchele, na kila jioni Akinyi alisema iko sawa. Atieno alipotikisa lilinichoma mpaka jicho likatoa maji.

Nikaivua. Nikaomba ule wembe, ukiwa bado umelowa, nikakata fundo. Kisha nikaomba sindano na uzi, nikaushona mto upya, nikalifunga fundo upande wa nje.